Kompyuta Inayofia Usingizini

Msichana aliyeniletea kompyuta mpakato yake mwezi wa sita alikuwa ameizungushia kitenge mara mbili kwa sababu ya vumbi la kiangazi. Aliiweka mezani, akakifungua kitenge taratibu, akasema, “Yaya, hii mashini inakufaka kila mara inalala.” (Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.) Alikuwa katika mwaka wa mwisho wa chuo, ndani ya mashine hiyo mlikuwa na karibu kurasa themanini za kazi yake ya kumaliza masomo, na fundi wa kwanza aliyemwendea alikuwa ameshamwambia kwamba dawa ni moja tu, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Mimi nilimwuliza swali ambalo fundi yule hakumwuliza, nalo ndilo linalonifanya niandike leo. Inakufa saa ngapi? Inapoingia usingizini, ikiwa imeshalala, au unapoiamsha?

Hakuweza kujibu, na wengi wanaonijia hapa Lubumbashi hawawezi, kwa sababu kwa macho matupu hali zote tatu zinafanana. Mtu hufunga kifuniko, huenda kula au kulala, hurudi akakuta skrini nyeusi isiyoitika, hushikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike, kisha huiwasha na kuona inaanza upya kana kwamba hakuwahi kufungua faili lolote. Anachojua ni kwamba kazi yake imepotea. Lakini kila mojawapo ya nyakati hizo tatu ina washukiwa wake, na fundi asiyezitenganisha atabadilisha vifaa vizima na kuacha kile kibovu mahali pake.

Ili hilo lieleweke, inabidi tutazame kompyuta inafanya nini inapolala. Katika usingizi wa namna ya zamani, ambao wataalamu huuita S3, prosesa huzimwa, skrini huzimwa, diski huzimwa, feni hunyamaza, na umeme unabaki kwenye kumbukumbu ya RAM pamoja na sehemu chache zinazongojea kidole chako kwenye kibodi. RAM haiwezi kushika kitu bila umeme. Kila chembe yake ni ghala dogo mno la chaji linalovuja muda wote, na kwa kawaida ni lazima lijazwe upya angalau mara moja kila milisekunde 64, hata kama mwenye mashine yuko kitandani. Mfano wa karibu kwetu ni mbabula, yaani jiko la makaa. Mama anayetaka moto wa asubuhi hazimi makala, kama tunavyoyaita makaa hapa kwetu. Huyafunika kwa majivu, nayo huendelea kula hewa kidogo kidogo hadi alfajiri. Ukitazama kwa nje, utadhani mbabula imezimika. Lakini ukiikosesha ile hewa kidogo kwa muda mfupi tu, asubuhi hakutakuwa na cha kupuliza.

Aina ya pili ni S4, ambayo Windows za Kifaransa tunazozitumia hapa huiita veille prolongée. Hapo yote yaliyomo kwenye RAM hunakiliwa kwenye diski, katika faili liitwalo hiberfil.sys, kisha mashine huzimika kabisa. Unaweza kuchomoa waya, ukaipeleka mji wa Likasi na kuiwasha huko, na ukurasa wako utafunguka pale ulipouacha. Aina ya tatu ni S0 ya umeme mdogo, iliyoletwa na Windows 8 mwaka 2012 na kupanuliwa katika Windows 10 mwaka 2015. Kompyuta ya aina hiyo husinzia kama simu, huku ikiamka yenyewe kwa vipindi vifupi kufuatilia barua na masasisho. Kujua mashine yako inalala usingizi gani ni kazi ya dakika moja: fungua dirisha la amri, andika powercfg /a, nayo itakutajia aina inazoziweza na zile isizoziweza pamoja na sababu. Mimi hufanya hivyo kabla ya kushika bisibisi.

Kanuni zinazosimamia aina hizi za usingizi zilitolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba kwa jina la ACPI. Kabla yake BIOS, yaani programu ya msingi iliyomo kwenye kompyuta kabla ya Windows, ndiyo iliyoamua karibu kila jambo la umeme. Tangu hapo mfumo wa uendeshaji ndio unaotoa amri, BIOS inaueleza mfumo vifaa vilivyomo na namna ya kuvizima, na kila draiva, yaani programu inayoendesha kifaa fulani, inaitikia amri hiyo kwa niaba ya kifaa chake, iwe kadi ya picha, kadi ya Wi-Fi au modemu iliyochomekwa ubavuni. Draiva moja isipoitikia, safari nzima ya kuelekea usingizini inasimama. Ndiyo maana mashine inaweza kufanya kazi mchana kutwa bila tatizo, ikacheza filamu na kuchapa vitabu, kisha ikafa unapoifunga. Mchana hakuna aliyeiambia kadi ya Wi-Fi izime na kuwaka tena.

Kifo cha wakati wa kuingia usingizini na kile cha wakati wa kuamka, basi, huanza kutafutwa kwenye draiva na kwenye BIOS, kwa kuwa hizo ndizo nyakati za kuzima na kuwasha kila kitu. Kifo cha katikati, katika S3, ni habari nyingine. Wakati huo hakuna programu inayoendeshwa wala draiva inayofanya kazi. Kuna makala na majivu tu. Mashine ikifa hapo, mimi huanza na umeme: umeme wa ukutani, kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, betri, na mwisho RAM yenyewe.

Saa ya kifo hutafutwa kwenye daftari ambalo Windows hujiandikia bila kuombwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Observateur d’événements (kitazamaji cha matukio), kisha Journaux Windows, kisha Système. Tafuta tukio namba 42 ambalo chanzo chake ni Kernel-Power; huo ndio mstari ambao mashine inasema kwamba inakwenda kulala. Ikiamka salama, utakuta namba 107 ya Kernel-Power na namba 1 ya Power-Troubleshooter, na hii ya mwisho hutaja saa ya kulala na saa ya kuamka. Mashine zinazosinzia kwa S0 huandika 506 zinapoanza na 507 zinapomaliza. Ikiwa mashine ilikufa, utakuta namba 41.

Namba 41 nimeiona ikiwapotosha mafundi wazuri. Haiandikwi wakati wa kifo. Huandikwa mashine inapowashwa tena na kugundua kwamba mara iliyopita haikuzimwa kwa utaratibu, kwa hiyo saa iliyo kando yake ni saa uliyobonyeza kitufe asubuhi. Ifungue, nenda kwenye Détails, usome BugcheckCode. Ikiwa ni 0, mfumo haukupata nafasi ya kuandika kosa lolote, ama kwa sababu umeme ulikatika, ama kwa sababu mashine iliganda kabisa. Ikiwa PowerButtonTimestamp si 0, kuna mtu aliyeshikilia kitufe. Ikiwa BugcheckCode ni 159, hapo una jambo la kushika mkononi, kwani 159 ni ile ile 0x9F ya skrini ya buluu, nayo ni shtaka dhidi ya draiva iliyoshindwa kubadili hali ya umeme kwa wakati.

Daftari hilo lina pengo moja ambalo ni lazima lizibwe na binadamu. Kompyuta iliyolala S3 haiandiki chochote. Utaona saa iliyolala na saa iliyowashwa tena, lakini kati ya hizo mbili panaweza kupita saa kumi na tatu za kimya, na aliyelala hawezi kueleza alikufa lini. Hapo inabidi utafute shahidi aliyekuwa macho.

Ofisi moja ya kuchapa na kunakili, upande wa barabara ya Kasapa, ilikuwa na kompyuta ya mezani iliyokuwa ikifia usingizini usiku mwingi. Mama mwenye ofisi alikuwa ameshalipa mara mbili, mara ya kwanza kwa kuwekewa Windows upya, mara ya pili kwa RAM nyingine, na tatizo likabaki lile lile. Nilipofungua daftari nilikuta namba 42 saa 17:20, kisha kimya, kisha namba 41 saa 6:40 yenye BugcheckCode 0 na bila alama yoyote ya kitufe. Nikamwambia mama kwamba mashine inalazwa saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Akakataa. Alisema ofisi haijawahi kufungwa kabla ya saa kumi na mbili, na alikuwa na hakika kwa sababu yeye ndiye anayefunga kufuli.

Alikuwa na haki. Nchi yetu ina saa mbili, na Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja; kompyuta ile ilikuwa imewekwa saa za Kinshasa, na kwa kuwa saa ya ukutani ndiyo waliyoitazama, hakuna aliyejali saa iliyo pembeni ya skrini. Tangu siku hiyo ninaanza kila uchunguzi kwa kulinganisha saa ya mashine na saa ya simu yangu, hasa kwa kompyuta za okazioni, yaani zilizokwisha kutumika, zinazotoka Ulaya, ambazo mara nyingine bado zinafuata saa za huko zilikotoka.

Shahidi tuliyemtafuta alikuwa papa zamu, mzee anayelinda ua ule usiku. Nilimsalimia, nikamwomba anieleze habari za umeme, naye akanijibu bila kufikiri kwamba delestaji ya juzi, yaani mgao wa umeme, ilianza saa nne na umeme ulirudi karibu na saa sita, kwa kuwa taa ya lango ilipozimika ndipo alipowasha tochi. Nikampa kalenda ya ukutani na kalamu. Kwa usiku tano aliandika saa ya kuondoka na saa ya kurudi, kwa herufi kubwa, ndani ya kisanduku cha kila tarehe. Usiku tatu umeme ulikatika, na asubuhi zake zote tatu kompyuta ilikutwa imekufa. Usiku mbili haukukatika, na asubuhi zake kompyuta iliamka kwa kuguswa kibodi. Ili nisibaki na shaka, niliilaza mchana mbele ya mama, nikachomoa waya, nikahesabu hadi ishirini, nikaurudisha na kuiwasha. Daftari liliandika namba 41 ile ile yenye 0 ile ile.

Mashine haikuwa na ugonjwa, basi. Ilikuwa imelazwa S3 mahali ambapo umeme hauna uhakika. Lakini swali lilibaki, kwa sababu Windows kwenye kompyuta za mezani ina kinga dhidi ya jambo hilo hasa. Tangu Windows Vista kuna usingizi mseto, ambao huiacha RAM na umeme lakini pia huandika nakala kwenye diski, ili umeme ukikatika mashine iamke kutoka kwenye diski. Kwa nini kinga hiyo haikufanya kazi? Amri ya powercfg /a ilijibu kwamba usingizi wa diski haujawezeshwa. Nilipouliza, kijana mmoja wa ofisi alikumbuka kwamba mwaka uliopita, diski ilipojaa, mtu aliwasaidia kupata nafasi kwa kufuta faili kubwa. Faili lenyewe lilikuwa hiberfil.sys. Kwa mashine yenye RAM ya gigabaiti 8, Windows 10 hulitengea kwa kawaida asilimia 40 ya RAM, yaani takriban gigabaiti 3.2, na amri ya powercfg /h off inayoliondoa huondoa pia usingizi mseto bila kumwonya mtu. Tulifuta picha za harusi zilizokuwa zimenakiliwa mara tatu, nikaandika powercfg /h on, kisha kwenye mipangilio ya juu ya umeme nikawasha Autoriser la veille hybride (ruhusa ya usingizi mseto). Mama alikuwa amelipia RAM kwa ajili ya jambo linalorekebishwa kwa mstari mmoja, na hilo liliniuma, kwa kuwa najua ni kurasa ngapi mtu huchapa ili apate fedha hizo.

Nirudi kwa msichana wa kitenge. Kabla ya yote nilinakili kazi yake kwenye flashi mbili, nikampa moja aende nayo nyumbani. Fundi asiyeanza na hilo anacheza na jasho la mtu. Daftari lake lilionyesha namba 42, kisha 41, na safari hii BugcheckCode ilikuwa 159. Kwenye folda ya C:\Windows\Minidump palikuwa na mafaili saba madogo, ambayo ni kumbukumbu za vifo saba. Niliyafungua kwa BlueScreenView, programu ndogo isiyohitaji intaneti, na yote saba yalimtaja ntoskrnl.exe.

Hapa ndipo mashine nyingi hufutwa bila sababu. Faili la ntoskrnl.exe ni kiini cha Windows chenyewe, kwa hiyo fundi husema Windows imeharibika na kuiweka upya. Lakini katika kosa la 0x9F kiini ndicho kilichokuwa kikingoja jibu la draiva, kikachoka kungoja, kikasimamisha mashine. Jina lake limeandikwa kwa sababu ndiye aliyepiga yowe. Jina la draiva iliyonyamaza limo ndani zaidi, na WinDbg inaweza kulitoa kwa amri ya !analyze -v, ila programu hiyo huhitaji kupakua alama nyingi kutoka intaneti, na mega zangu za siku hiyo zilikuwa zimekwisha. Nikaamua kumtafuta mhusika kwa mkono, kwa kuondoa kifaa kimoja baada ya kingine.

Msichana alikuwa na modemu ya USB ambayo haikutoka ubavuni mwa kompyuta tangu aliponunua. Kwanza niliiacha ilipo na kuilaza mashine mara sita, nikiipa dakika kumi kila mara. Ilikufa mara mbili. Kisha nikachomoa modemu na kuilaza mara kumi. Iliamka mara kumi. Naomba mtu anayetengeneza kompyuta asiipite namba hiyo haraka. Ikiwa mashine hufa mara moja katika kila mara tatu, na wewe ukabadilisha kitu kisha ukaijaribu mara tatu tu, bado kuna karibu nafasi 30 kwa 100 kwamba itaamka zote tatu hata kama hukurekebisha chochote. Utamrudishia mwenyewe, utalipwa, naye atarudi wiki ijayo akiwa na hasira. Ukiijaribu mara kumi, nafasi ya kudanganyika hushuka chini ya 2 kwa 100. Zile alasiri mbili nilizozitumia kulaza na kuamsha hazikuwa uvivu. Nilipoirudisha modemu, mashine ilikufa katika jaribio la nne, na hapo nikaridhika.

Niliondoa programu ya modemu pamoja na draiva yake ya zamani, nikaiwasha mashine upya, nikaweka draiva mpya zaidi. Kuhusu kuwasha upya kuna jambo la kuangalia. Tangu Windows 8, ukichagua Arrêter (kuzima) huku démarrage rapide (kuwaka kwa haraka) ikiwa imewezeshwa, kiini cha mfumo pamoja na draiva zake huandikwa kwenye diski na kurudishwa kama vilivyokuwa utakapowasha. Kosa ulilolala nalo utaamka nalo. Redémarrer (kuwasha upya) ndiyo inayoanza upya kweli. Watu wengi huzima na kuwasha mara tano wakidhani wameisafisha mashine, kumbe wanarudisha hali ile ile mara tano. Baada ya hapo niliilaza mara kumi na mbili modemu ikiwa mahali pake, na zote ziliamka. Ningeweza kumwambia msichana achomoe modemu kila anapofunga, na ingetosha, lakini siiamini dawa inayomtegemea mtu aliyechoka saa sita usiku.

Kifaa kinaweza kuwa kingine kwenye mashine yako. Kadi ya Wi-Fi nimeikuta mara nyingi, hasa pale Windows ilipojiwekea draiva ya jumla badala ya ile ya mtengenezaji wa mashine hiyo hasa. Njia ya haraka ya kuijaribu ni kufungua Gestionnaire de périphériques (msimamizi wa vifaa), kuzima kadi hiyo na kuilaza mashine. Au, kama unaihitaji, kuondoa alama kwenye Autoriser l’ordinateur à éteindre ce périphérique pour économiser l’énergie, yaani ruhusa ya kompyuta kuzima kifaa hicho ili kuokoa umeme. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitu vitano kwa pamoja anaweza kuponya mashine, lakini siku tatizo litakaporudi hatajua aanzie wapi.

Kesi ya tatu ilinisumbua zaidi, kwa sababu kalenda ya umeme ilikuwa safi. Ilikuwa kompyuta ya mezani ya okazioni, ya mwalimu jirani yangu, inayofia katikati ya usingizi usiku ambao umeme haukukatika hata dakika moja. Katika usingizi, kompyuta ya mezani hailishwi na njia kuu za umeme wake. Zile huzimwa, na RAM hulishwa na njia ndogo ya volti 5 ambayo haizimwi kamwe maadamu waya umechomekwa ukutani. Waya wake katika kifaa cha kugawa umeme ni wa zambarau. Kanuni inaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, yaani kati ya volti 4.75 na 5.25. Nilipima mashine ikiwa macho, nikapata 4.9. Nikailaza, nikapima tena, nikangoja. Namba ilishuka polepole kwenye kipimo, 4.8, 4.7, ikasimama kwenye 4.5, na taa ndogo ya mbele, ambayo ilikuwa ikipepesa kuonyesha kwamba mashine imelala, ikazimika mbele ya macho yangu. Miaka mingi ya umeme unaopanda na kushuka huchosha kapasita, yaani vipande vinavyohifadhi chaji, za njia hiyo kuliko sehemu nyingine, kwa sababu hiyo ndiyo isiyopumzika. Nilibadilisha kifaa chote. Usijaribu kukifungua ukitengeneze nyumbani, kwani kapasita zake kubwa huweza kubaki na chaji hatari hata baada ya kuchomoa waya.

Kama njia ya volti 5 ni nzima na kifo bado ni cha katikati, jaribu RAM kwa mdsched usiku mzima, hasa ikiwa mtu aliongeza kipande cha pili kisicholingana na cha kwanza. Kwenye kompyuta mpakato, powercfg /batteryreport hulinganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Betri iliyobakiwa na robo inaweza kushindwa kulisha RAM hadi asubuhi. Mashine ya S0 iliyokufa ndani ya mkoba ikiwa ya moto kama pasi iliamka yenyewe humo ikakosa hewa, na ripoti ya powercfg /sleepstudy itakuonyesha kilichoiamsha. Hiyo ipangie veille prolongée kila unapofunga kifuniko. Kwa wanaotumia Linux, journalctl -b -1 husoma daftari la kabla ya kifo, na faili la /sys/power/mem_sleep linaonyesha kama mashine inasinzia au inalala kweli.

Kusasisha BIOS huponya baadhi ya mashine, lakini hatua hiyo nimeiweka mwisho kwa makusudi. Umeme ukikatika wakati BIOS inaandikwa, utakuwa na kompyuta isiyowaka kabisa mahali pa ile iliyokuwa ikifa usiku tu. Katika mji wenye delestaji, fanya hivyo kwa kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa na chaja iliyochomekwa, au kwa kompyuta ya mezani iliyo kwenye onduleri (kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika) ambayo umeshaijaribu kwa kuchomoa waya.

Wiki iliyopita nilipita ofisini kwa mama kuchapa barua. Papa zamu bado anaijaza ile kalenda, ingawa hakuna aliyemwomba aendelee. Kisanduku cha Jumanne kilisema umeme uliondoka saa tatu na dakika arobaini usiku na kurudi saa tano na dakika tano. Tukafungua daftari la kompyuta, ambayo sasa inafuata saa ya Lubumbashi. Namba 42 ilikuwa saa 18:25, na mstari wa asubuhi uliofuata ulikuwa namba 1 ya Power-Troubleshooter, saa 7:38, bila 41 yoyote kati yao. Barua ya mteja wa jana yake ilikuwa bado wazi kwenye skrini, na kishale kikipepesa katikati ya sentensi ambayo kijana hakuwa amemaliza kuiandika.